Nimeitwa usaili ofisi ya mawakili na nina sapu, nijiandae vipi?

SWALI: Shikamoo Wakili. Nimemaliza masomo ya darasani pale Law School, shule inayoandaa mawakili, nimebakiza mafunzo kwa vitendo na sapu (mtihani wa kurudia) ya somo moja. Niliomba nafasi ya mafunzo kwenye ofisi moja ya mawakili hapa Dar es Salaam. Wako mawakili kama kumi, wanafanya zaidi kesi na kidogo mambo ya makampuni. Wameniita usaili wiki ijayo na wamesema kutakuwa na zoezi la kuandika. Ofisi ya kwanza niliyokwenda waliniuliza "kwa nini sisi?", nikaanza kueleza ndoto yangu ya utotoni ya kutetea wanyonge, nikaona wanatazamana. GPA yangu si kubwa, na kwetu hakuna wakili. Wanatafuta nini hasa? Na posho naruhusiwa kuiuliza?

JIBU: Marahaba, msomi. Nianze na sapu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Ofisi yoyote ya mawakili hapa nchini inajua mitihani ya Law School ilivyo. Hakuna aliyesahau matokeo ya 2022, pale wanafunzi 633 walipofanya mtihani na 26 tu wakafaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja, hadi Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Baadhi ya watakaokusaili wamepita mlemle, na wengine walirudia somo. Sapu haimshtui mtu. Kinachoshtua ni mtu anayeificha, au anayemlaumu mwalimu kwa dakika tano. Ukiulizwa, sema ni somo gani, sema kilichokuangusha kwa sentensi moja, sema unarudia lini, kisha nyamaza. GPA nayo ni hivyohivyo. Wameshaiona kwenye vyeti ulivyotuma, na bado wamekuita. Usiende pale kuomba msamaha kwa jambo ambalo wenyewe wameshalivuka.

Sasa wanatafuta nini. Mimi hukaa upande wa pili wa meza hiyo, na nikuambie swali ninalojiuliza huku msailiwa anaongea: huyu nikimwachia faili, nitalala? Basi. Faili la mteja lina hati miliki halisi ya kiwanja, lina barua ambazo mume hajui mke kazileta kwetu, lina tarehe ambayo ikipita shauri limekufa. Mwanafunzi wa mafunzo atalishika faili hilo, atalipeleka masijala, atatoa nakala, ataandika rasimu ya kwanza. Kama ni mtu wa kukisia, ataniumiza, na ujuzi wake wa nadharia za sheria hautanisaidia mbele ya mteja. Kwa hiyo maswali mengi utakayoulizwa, hata yale yanayoonekana ya kupita tu, yanazunguka hapo: usahihi, siri, na ujasiri wa kusema "sijui, naomba niangalie".

Zoezi la kuandika ndipo watu wengi wanapoanguka, na kwa kawaida si kwa kukosa sheria. Hebu tuchukue zoezi la aina ambayo ofisi kama hiyo hupenda kutoa. Unapewa karatasi nne na dakika arobaini na tano. Ya kwanza ni barua ya kumwachisha kazi mfanyakazi wa ghala, ya tarehe 2 Mei. Ya pili ni barua yake ya kukata rufaa kwa mkurugenzi. Ya tatu ni jibu la mkurugenzi la tarehe 20 Mei, linalosema uamuzi wa awali unabaki vilevile. Ya nne ni karatasi ya mapokezi ya ofisi, inayoonyesha mteja aliingia tarehe 12 Juni. Unaambiwa: mwandikie wakili maelezo mafupi, tumshauri nini mteja.

Msailiwa wa kawaida anaruka moja kwa moja kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Anaandika kurasa tatu nzuri kabisa kwamba mwajiri lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Yote kweli. Ila hajaandika popote kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Msailiwa wa pili anaikumbuka siku 30, anahesabu kuanzia barua ya 2 Mei, anaona ziliisha tarehe 1 Juni, anaandika: mteja amechelewa, tuombe kuongezewa muda. Huyu ni afadhali, lakini hakusoma karatasi ya tatu kwa makini. Kanuni za Tume, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinasema siku huhesabiwa kuanzia tarehe ya kuachishwa au tarehe ambayo mwajiri alifanya uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuuthibitisha ule wa awali. Mkurugenzi aliuthibitisha tarehe 20 Mei. Siku 30 zinaisha tarehe 19 Juni. Mteja amebakiwa na wiki moja.

Ninayemtafuta anaandika hilo kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya maelezo yake: "Muda unaisha tarehe 19 Juni, napendekeza tufungue kesho." Halafu anaongeza kwamba fomu ya Tume lazima kwanza mwajiri apelekewe nakala, na uwepo ushahidi kuwa ameipokea, kwa hiyo tusingoje hadi siku ya mwisho. Halafu anaorodhesha nyaraka zinazokosekana: mkataba wa ajira uko wapi? Muhtasari wa kikao cha nidhamu? Hati ya mwisho ya mshahara? Nusu ukurasa. Mtu huyo nitamchukua hata kama kaandika "recieve" badala ya "receive", ingawa afadhali asiandike hivyo.

Kwa hiyo ukipewa karatasi zozote wiki ijayo, soma zote kabla hujashika kalamu, na chora pembeni mstari wa tarehe: nini kilitokea lini. Tarehe tano au sita za msingi zinapaswa kukaa kichwani bila kufungua kitabu. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, madai ya mkataba ni miaka sita, ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka mitatu, ya kurudishiwa ardhi miaka kumi na miwili. Kuishtaki Serikali kunataka notisi ya siku 90. Kuachishwa kazi siku 30, migogoro mingine ya kazi siku 60. Hutahitaji zote, lakini moja kati ya hizo ikijificha kwenye zoezi utaiona.

Zoezi jingine linalopendwa ni kupewa kiapo kibovu, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa (affidavit), na kuambiwa utafute makosa. Anza kusoma kutoka chini. Pale kamishna wa viapo anaposaini, je, mahali na tarehe vimeandikwa? Sheria ya Makamishna wa Viapo inataka hivyo, na viapo vingi vimetupwa nje na mahakama kwa ajili ya nafasi hiyo moja iliyoachwa wazi. Panda juu: kwenye uthibitisho, muapaji ametenganisha anayoyajua mwenyewe na aliyoambiwa na watu? Aliyeambiwa, ametaja ameambiwa na nani? Halafu soma aya zenyewe uone kama kuna hoja za kisheria au maombi yamechomekwa humo, maana kiapo ni cha mambo ya kweli tu, na hilo tumelibeba tangu kesi ya Matovu ya Uganda ya 1966. Ukimaliza, usiishie kuorodhesha makosa. Sema lipi linaua maombi na lipi linarekebishika. Tangu 2018 tuna ile kanuni ya kutanguliza haki ya msingi kuliko ufundi, ambayo mawakili wameipachika jina la "oksijeni", na wasaili wengi hupenda kuona kama unajua mipaka yake, kwa sababu si kila kosa linafufuliwa nayo.

Nije kwenye maswali ya mdomo. Utakutana na la namna hii: "Wakili wako amekwama kwenye foleni Mwenge. Uko mahakama ya Kisutu peke yako na faili. Shauri linaitwa. Utafanya nini?" Hapa wengi hutaka kuonyesha ushujaa, na ndipo wanapojimaliza. Anasema atasimama, atajitambulisha, ataomba ahirisho. Msomi, hujaapishwa. Hata uvae suti nyeusi kuliko ya jaji, mtu asiye wakili akijifanya wakili mahakamani anatenda kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na ofisi iliyomtuma itaulizwa. Jibu linalotafutwa ni la mtu aliyewahi kukaa mahakamani akatazama. Unafika mapema na kumwona karani wa mahakama kabla hakimu hajaingia, unamweleza wakili yuko njiani. Unampigia wakili wako kupata maelekezo: anataka tarehe gani, na sababu ni ipi. Unamtafuta wakili mwingine aliyepo pale, ambaye yuko huru, umwombe kwa heshima asimame kwa niaba ya mwenzake, umpe maelekezo hayo kwa usahihi, ikiwemo jina la upande wa pili na shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa au kusikilizwa. Kisha unakaa nyuma, unaandika akidi (waliokuwepo mahakamani), amri iliyotolewa na tarehe inayofuata, unairudisha ofisini siku hiyohiyo na kuiingiza kwenye kalenda. Kama hujawahi kukaa mahakamani asubuhi nzima, una wiki nzima bado. Nenda Kisutu au Kituo Jumuishi cha Kinondoni, mahakama za wazi ziko wazi kwa kila mtu, kaa benchi la nyuma utazame. Asubuhi mbili zitakupa majibu ambayo vitabu havina.

Halafu kuna mtego ambao hauonekani kama mtego. Watakuuliza kwa tabasamu: "Ulijitolea ofisi gani ukiwa chuo? Enhe, tuambie kesi iliyokufurahisha." Mtu anaanza: pale tulikuwa na mteja, fulani bin fulani, yule mwenye mabasi, alikuwa anagombana na mdogo wake kuhusu... Wasaili wanatikisa kichwa kama wanafurahia hadithi. Wameshaamua. Aliyetoa siri ya ofisi ile mbele ya wageni atatoa ya kwetu kwenye daladala. Simulia, lakini vua majina, vua biashara, vua mtaa: "ulikuwa mgogoro wa ndugu kuhusu hisa za kampuni ya familia, mimi nilipewa kutafiti kama mwenye hisa chache ana nafuu gani." Na kabla ya siku hiyo pitia hali zako za WhatsApp na kurasa zako za mitandao. Ile picha uliyopiga ukiwa umekumbatia faili, namba ya shauri inasomeka, ifute leo.

La mgongano wa maslahi ni jepesi, usilipe hofu. Ukiulizwa utafanyaje ukigundua upande wa pili ni kampuni ya mjomba wako, jibu ni kumwambia msimamizi wako mara moja kabla hujafungua faili, yeye ndiye ataamua.

Sasa hiyo "kwa nini sisi" iliyokukwaza. Wale waliotazamana hawakuidharau ndoto yako. Walitazamana kwa sababu jibu lako lingefaa ofisi yoyote kati ya Posta na Mbezi. Fanya hivi: ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ziko pale bure, andika jina la ofisi au majina ya mawakili wake wakubwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata mashauri waliyosimama. Soma mawili kwa ukamilifu, na moja liwe waliloshindwa. Waliloshindwa lina mafunzo zaidi, na linaonyesha hukwenda kuwasifia. Tuseme umekuta waliweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, kuhusu ukomo wa muda, likatupwa kwa sababu tarehe yenyewe ilikuwa inabishaniwa. Unaweza kusema: "Nimewaomba ninyi kwa sababu mnafanya mashauri ya ardhi mengi, nami nataka kuijua ardhi. Nimesoma uamuzi mmoja ambapo pingamizi la muda lilikataliwa kwa msingi wa kesi ya Mukisa Biscuit, kwamba jambo linalohitaji ushahidi haliwi pingamizi la awali. Ningependa kujua katika hali kama ile wakili anaamuaje, kulileta mapema au kulingoja kwenye ushahidi." Liulize kama mtu anayetaka kujifunza, usiliulize kama mkaguzi. Huenda aliyeliandika pingamizi hilo ndiye aliyekaa mbele yako, na akianza kukueleza, mahojiano yamegeuka mazungumzo ya kazi, na hapo ndipo unapopataka.

Lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa inapobidi. Kwenye ofisi ya kesi maana yake ni kwamba unaweza kuambiwa uandike hati ya madai kwa Kiswahili saa nne, na saa nane upitie mkataba wa Kiingereza wa mteja wa benki. Usaili nao utachanganya. Usijaribu kuwa Mwingereza kwa nguvu kama maswali yanakuja kwa Kiswahili, jibu kwa lugha uliyoulizwa. Na jiandae kwa zoezi dogo ambalo mimi mwenyewe hulipenda sana: wakili anajifanya mama mwenye kiwanja Mbagala, jirani kaanza kujenga ndani ya mpaka wake, anataka kujua utafanya nini. Mweleze zuio la muda ni nini, bila kutaja kifungu hata kimoja. Amri ya mahakama ya kumsimamisha jirani asiendelee kujenga hadi kesi iamuliwe. Kwamba mahakama itaangalia kama ana hoja ya kusikilizwa, kama atapata hasara ambayo fedha haiwezi kuilipa, na nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Umwambie pia kwamba amri hiyo haimpi ushindi. Wanafunzi wenye GPA ya 4 wameshindwa kufanya hivyo mbele yangu, nami nikabaki na msailiwa wa kawaida ambaye mama yule angemwelewa.

Mavazi hayana siri: nyeusi, nyeupe, kijivu, safi, viatu visivyolia. Hakuna anayehitaji suti mpya. Beba vyeti halisi, nakala, kalamu mbili na daftari, na uandike wakati wanaongea. Hilo la daftari dogo sana, lakini anayepokea maelekezo bila kuandika tunamwona papo hapo. Kama unapanda mwendokasi kutoka Kimara, panda ya mapema kuliko unavyodhani inatosha. Mapokezi waamkie vizuri, maana katika ofisi nyingi huulizwa baadaye "yule binti alikuwaje?"

Kukosa ndugu wakili kusikutishe. Ni kweli wapo wanaoingia kwa simu moja ya mjomba, nisikudanganye. Lakini ofisi iliyotenga muda wa zoezi la kuandika imeamua kutafuta mtu kwa njia nyingine, na hiyo ni bahati yako.

Posho uliza, ila si swali la kwanza. Wakikupa nafasi mwishoni, anza na ya kazi: nani atakuwa msimamizi wangu na ndiye atakayesaini ripoti yangu ya mafunzo? Nitakwenda mahakamani au nitakuwa ofisini zaidi? Rasimu zangu atazisahihisha nani? Sikiliza majibu kwa makini, kwa sababu kuna ofisi ambazo mwanafunzi wa mafunzo anatoka miezi sita baadaye akiwa fundi wa mashine ya fotokopi. Baada ya hapo sema waziwazi: "Ningependa kujua kama kuna posho au nauli, ili nipange usafiri wangu." Hakuna wakili wa maana atakayekasirika. Zipo ofisi zinazolipa posho, zipo zinazotoa nauli tu, na zipo zisizotoa kitu, na unastahili kujua yako ni ipi kabla hujasema ndiyo. Wakisema wanarudisha nauli za kwenda mahakamani, uliza zinarudishwa siku hiyohiyo au mwisho wa mwezi. Nauli ya Kivukoni kila siku kwa mwezi mzima, kwa mtu anayelipa pia ada ya kurudia mtihani, si jambo la kuonea aibu kuuliza.

Wakikujibu, uwe umepata au umekosa, niandikie. Na ukikumbuka zoezi walilokupa lilikuwaje, niandikie pia, ila bila kutaja jina la ofisi.